Pete ya Pazia

Katika mtaa wetu hakuna binadamu anayeweza kunidanganya. Nimeshona mapazia tangu wazazi wenu hawajaota meno, na mteja akifungua mdomo kuniambia kitambaa chake ni kipya, mimi nimeshajua kilikuwa shuka la nani. Uongo nausikia harufu yake ukiwa bado kwenye kona ya nyumba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mbele za watu, mpaka mtoto wa darasa la sita aliponidanganya kuhusu makalio yangu mwenyewe, asubuhi moja baada ya nyingine, na mimi nikawa namshukuru.

Haya, chekeni. Mkimaliza mnisikilize.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu. Jina la shuleni analo, ila nyumbani tunamwita Spidi, kwa kuwa hana jambo analolifanya polepole. Anakula mbio, anaoga mbio, na akitumwa dukani hurudi kabla hujakumbuka ulichomtuma. Mama yake, ambaye ni binti yangu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na hutoka nyumbani mapema sana. Kwa hiyo asubuhi tunabaki wawili, mimi na mke mwenzangu. Ndivyo ninavyomwita, maana marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba, na mimi sikutaka kuachwa nyuma.

Asubuhi zetu zilikuwa na utaratibu. Spidi anachemsha maji, ananiletea beseni na sabuni kitandani, ananisaidia kugeuka nitazame ukutani, kisha anafanya kazi iliyo muhimu kuliko zote: ananikagua ngozi. Ili mjue kwa nini, inabidi niwaambie habari za ngazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwa mteja kutundika mapazia. Msaidizi wangu alikuwa njiani anakuja, nami nikaona kumngoja ni kupoteza wakati. Nikapanda. Ngazi ikateleza, nikaangukia mgongo kwenye ukingo wa meza. Ndani ya uti wa mgongo mna mshipa mkuu wa fahamu, ndio unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Wangu uliumia, na habari zikakatika kama simu iliyotumbukia majini. Kuanzia kitovu kwenda chini siamrishi kitu wala sihisi kitu. Ukinifinya paja, mimi naendelea kukusimulia ya jirani.

Nilirudi kazini nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na cherehani cha kukanyaga kikabadilishwa, nikapata cha kuzungusha kwa mkono. Kushona nilishona. Tatizo ni kukaa. Ninyi mkikaa vibaya darasani, makalio yanalalamika na mnajisogeza bila hata kufikiri. Yangu hayalalamiki. Yanaweza kukalia kokoto kutwa nzima kwa adabu zote. Ngozi ikibanwa muda mrefu damu haipiti. Inaanza kuwa nyekundu, na usipoujali wekundu huo inachimbika kidonda. Watu wa hali yangu wamekufa kwa vidonda vya namna hiyo, si kwa ngazi.

Ndiyo maana nesi wa zahanati alimkalisha Spidi mbele yangu akamfundisha. Tazama kiuno, tazama makalio, tazama nyonga, tazama visigino. Ukiona wekundu, sema. Spidi alikuwa na furaha kama aliyepewa ndege airushe. Kila asubuhi aliinama, akachungulia kila kona, halafu akatangaza, "Safi kabisa, Bibi!" Hapo ndipo nilipovaa, nikahamia kwenye kiti changu na kuianza siku kwa amani.

Na kila Jumamosi alinisukuma mpaka kwenye ukumbi ulio nyuma ya zahanati, kwa mwalimu wa yoga.

Nilipoambiwa yoga mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni ile ya watu wenye viungo laini wanaojikunja kama kamba za viatu. Lakini yule mwalimu, mwanamke kijana aliyesomea tiba ya viungo, hakuniambia nijikunje. Alinifunga mkanda mpana kifuani, ukazunguka mgongo wa kiti ili nisianguke, akasema, "Vuta pumzi, Bibi. Ipeleke kwenye mbavu za nyuma." Kila alichofundisha kilianza na pumzi. Kuinua mikono, pumzi. Kuinama ubavuni, pumzi. Kujipinda nyuma ya kiti, pumzi. Nikampa jina: Mwalimu Pumzi. Alilipenda.

"Mwalimu, hii yoga yako itanifanya nitembee?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Hapana, Bibi. Nikikuahidi hivyo nitakuwa tapeli. Nataka ukae vizuri ndani ya mwili ulio nao."

"Mwili wenyewe nusu umegoma kazi."

"Basi tutaizoeza ile nusu inayokuja kazini."

Alitufundisha pia kufumba macho na kupeleka pumzi mpaka miguuni. "Yasalimie magoti," alikuwa akisema. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa dereva wa lori kabla hajavunjika mgongo, akajibu, "Salamu zimefika, Mwalimu, ila wenyewe hawajapokea." Tukacheka mpaka mikanda ikalegea. Lakini miezi ilivyopita niliona tofauti. Zamani nikinyoosha mkono kuchukua mkasi, kiwiliwili kilikuwa kinaanguka pamoja na mkono. Sasa nilikuwa nauchukua mkasi, nakata, naurudisha, na bado nimekaa wima. Nilikuwa nashona muda mrefu bila kukatika pumzi. Kwangu mimi huko kulikuwa kutembea kwenyewe.

Mwalimu Pumzi alikuwa na sheria moja tu kali. Kabla hajamteremsha mtu yeyote kwenye mkeka, alimuuliza aliyemleta, "Ngozi?" Sakafu ni ngumu, na mwili usiohisi hauwezi kulia. Mke wa Dereva alijibu kwa upande wake. Kwa upande wangu alijibu Spidi, tena haraka, "Safi kabisa, Mwalimu!"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Siku moja tulikuwa tunamaliza mapazia ya mwenye duka la dawa, yale mazito, yenye pete za manjano juu zinazopita kwenye bomba. Nilipofika kwenye pete ya mwisho, haipo. Nilitafuta mapajani, nikatafuta kwenye kopo la vifungo. Spidi alilala chini akachungulia uvungu wa cherehani, akafagia, akatafuta hata kwenye sukari. "Labda umeimeza, Bibi," akasema. Mwishowe nikashona pete ya rangi ya chungwa mahali pake, nikijua mwenye duka haoni vizuri na hawezi kuitambua. Akayachukua siku hiyohiyo, na Jumamosi iliyofuata tulipopita tuliyaona dirishani mwake, pete za manjano zote na ya chungwa moja pembeni. Tukacheka kama wezi.

Tangu hapo, kila Jumamosi tukipita, Spidi ananong'ona, "Bibi, chungwa lako lile," na mimi namwambia anyamaze.

Katika siku hizohizo miguu yangu ikaanza kurukaruka. Nimekaa zangu nashona, mara goti linadunda lenyewe. Nalala, mguu unajinyoosha kama umegutuka. Sikumwambia mtu. Najua Mwalimu alikataa kuniahidi kitu, lakini moyo wa mtu ni mjinga, ukiona goti linadunda unaanza kuwaza mambo yako. Nilikuwa nikifumba macho na kuyasalimia magoti, nikijisemea kwamba labda sasa yanajibu. Nikafika mahali pa kuangalia viatu vyangu vya zamani vilivyo juu ya kabati.

Na jambo jingine. Ile "Safi kabisa, Bibi!" ilikuwa siku hizi inakuja mapema kuliko ilivyozoeleka, tena sauti inatokea karibu na mlango. Mimi nimetazama ukuta, sioni. Nikajiambia, si ndiyo maana anaitwa Spidi?

Jumamosi ikafika. Mlangoni, "Ngozi?" Spidi akajibu, "Safi kabisa, Mwalimu!" Wakaniteremsha kwenye mkeka, wakaniwekea blanketi lililokunjwa chini ya magoti. Tulifanya pumzi, tukafanya mikono. Kisha Mwalimu Pumzi akanigeuza ubavu ili nipumzike, kama anavyofanya siku zote.

Mwanamke anayemfundisha kila mtu kupumua, yeye mwenyewe aliacha kupumua.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Bibi, leo tunaishia hapa," akasema kwa upole ulionitisha. "Nguo yako ina doa. Ngoja nimwite nesi."

Walinihamishia kwenye chumba cha zahanati, kwenye kitanda chenye pazia lililoshonwa vibaya, upindo wote umekwenda upande. Nililitazama pazia hilo kwa sababu sikutaka kutazama kingine. Nesi alivaa glavu, akachunguza kimya kimya. Spidi alisimama pale miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa ametulia.

"Hiki kidonda si cha jana," nesi akasema. "Mtoto, ulikiona lini?"

"Jana hakikuwepo," Spidi akajibu. "Nilitazama vizuri. Hata leo asubuhi nilitazama. Palikuwa safi kabisa."

"Palikuwa safi?"

"Safi kabisa, Nesi. Muulize Bibi, namwambia kila siku."

Nami nikamtetea! Nikasema, "Huyu mtoto ananikagua kila asubuhi, Nesi, simlaumu. Labda kimetokea ghafla."

Nesi hakubishana. Alisema kidonda kina umbo la ajabu, ni cha mviringo kama muhuri wa ofisi, na kwamba lazima kuna kitu nilikuwa nakikalia. Akauchukua mto wa kiti changu, akaifungua yote zipu ya foronya iliyokuwa imeachia kidogo, akaingiza mkono mpaka pale ninapokalia, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja chake.

Ilikuwa pete ya pazia. Ya manjano.

Spidi aliitazama ile pete. Mimi nilimtazama Spidi. Uso wake ulibadilika kama nguo iliyomwagiwa maji, maana sote wawili tulijua vizuri ile pete ilipotea lini. Mapazia ya mwenye duka la dawa yalikuwa yamekwisha kushika vumbi dirishani. Na muda wote huo, asubuhi baada ya asubuhi, mviringo ule mwekundu ulikuwepo kwenye ngozi yangu ukimngoja mtu autazame tu, na mtu mwenyewe alikuwa anasimama mlangoni.

Nesi, ambaye hakujua chochote kuhusu pete wala mwenye duka, akaendelea na maswali yake. "Miguu imekuwa ikirukaruka siku hizi?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilidhani... ni yoga."

"Hapana, Bibi. Mwili ukiumia mahali usipohisi, mara nyingi ndivyo unavyopiga kelele. Miguu ilikuwa inaomba msaada."

Basi mnaona. Siku moja nilisalitiwa na mjukuu wangu na magoti yangu kwa pamoja. Magoti niliyasamehe palepale, hayana akili.

Nesi alinifunga dawa na kutoa amri: nisikae kwenye kiti mpaka atakaponiruhusu. Nilale kifudifudi, nilale ubavu, basi. Cherehani kifunikwe. Na tusipofuata, kidonda kitafika kwenye mfupa na hapo itakuwa hospitali. Tulikodi gari dogo la mizigo likanirudisha nimelala nyuma kama godoro. Tulipopita duka la dawa niliiona ile pete ya chungwa dirishani. Safari hii Spidi hakunong'ona kitu.

Binti yangu aliporudi kutoka kazini akasikia, alitafuta mkanda. "Mama, niache nimchape huyu mtoto!"

"Ukimchapa atalia," nikamwambia, "akishalia ataona amelipa. Mwache."

Ndivyo nilivyosema, lakini msidhani nilikuwa nimetulia. Nililala kifudifudi, shavu kwenye mto, nikiwaza jambo moja tu. Nilikuwa nimempa yule mtoto nusu ya mwili wangu ashike. Sikuwa na njia nyingine ya kujua habari zake isipokuwa mdomo wake. Mtu akikuibia kitu, unajua amekuibia. Huyu alinipokonya ngozi yangu na kila asubuhi akaniambia bado ninayo. Wala sikuumia pale penye kidonda, pale sihisi. Niliumia juu ya kitovu, upande ambao kila kitu kinafanya kazi.

Asubuhi iliyofuata Spidi alikuja na beseni. "Bibi, nikukague?"

"Usijisumbue," nikasema. "Mama yako amenitazama kabla hajatoka."

"Nikuletee chai?"

"Iache hapo."

Siku zikaenda hivyo. Sikumtukana, sikumwita mke mwenzangu. Nilimwita jina lake la shuleni, na kila nilipolitaja niliona mabega yanashuka. Binti yangu alikuwa anachelewa kazini kwa sababu yangu na msimamizi wake alishaanza kununa. Nyumba ilikuwa kimya, cherehani kimefunikwa shuka kama maiti.

Mwishowe, alasiri moja Spidi aliingia, akakaa sakafuni karibu na kichwa changu. Aliingia polepole, ndiyo maana nikafumbua macho.

"Bibi, ni kwa sababu ya Redio."

Redio ni binti wa jirani. Amepewa jina hilo kwa sababu akisikia jambo, mtaa mzima umeshasikia.

"Redio amefanya nini?"

"Alikuja kunipitia twende shule, akachungulia dirishani. Akaona nakukagua. Akaenda kuwaambia wote. Wananiita Inspekta wa Makalio. Nikiingia darasani wanasimama, wanapiga saluti, wanasema, 'Afande, ripoti ya leo!'"

Nikauma mto. Nisiwadanganye, nilitaka kucheka. Redio ana kipaji. Lakini nilimwona mtoto machozi yanamdondoka, nikajizuia.

"Ndipo ukaacha kutazama."

"Siku ya kwanza nilitazama kidogo. Halafu nikawa nasimama mlangoni, nafunga kamba za viatu, nikimaliza nasema safi. Kila siku palikuwa safi, Bibi! Nikadhani hata leo patakuwa safi."

"Sasa nisikilize," nikasema. "Kuona haya si kosa. Hata mimi nilikuwa naona haya, hayo makalio ni yangu. Ungeniambia, 'Bibi, leo sijatazama, naona haya,' ningenuna, ningekuita majina, kisha tungetafuta njia nyingine. Wewe uliniambia safi. Neno lako ndilo lililonikalisha juu ya pete, na nikatulia nikashona."

Alilia mpaka pua ikaziba. Sikumfuta machozi, ila nilisogeza mkono ukafika karibu na kichwa chake, nikauacha hapo.

Kesho yake alikwenda shuleni. Walipopiga saluti na kuomba ripoti, akaitoa. Haya nimesimuliwa na Redio mwenyewe, na Redio haongezi chumvi, anaongeza sauti tu. Spidi alisimama mbele ya darasa akasema, "Ripoti ya leo: bibi yangu ana kidonda cha upana wa pete ya pazia. Kimetokea kwa sababu inspekta aliogopa kuchekwa na ninyi. Hawezi kukaa, hawezi kushona. Nani mwingine anataka ripoti?" Hakuna aliyetaka. Jioni Redio alikuja kunisalimia, akaniomba radhi kwa sauti ya chini kabisa. Sikujua kama anayo.

Jumamosi ile Mwalimu Pumzi alikuja nyumbani na mkeka wake kwapani. Nilidhani amekuja kunipa pole. Amekuja kunifanyisha kazi! "Kifudifudi napo pana mazoezi yake, Bibi." Akanifundisha kuinua kifua kwa viwiko huku navuta pumzi. Kisha akafunga mkanda kwenye ubao wa kitanda, akanionyesha kujivuta na kujipinda, pumzi ikitoka, mpaka nigeuke ubavu bila kushikwa na mtu. Nilishindwa, nikashindwa tena, nikamtukana kimoyomoyo. Wiki zilizofuata nikaweza robo, nikaweza nusu.

Spidi alikuwa anatutazama. Siku moja alichukua kipande cha bomba la pazia kilichobaki kwenye kazi, akakifunga kioo cha mama yake mwishoni kwa uzi wangu mgumu, akapiga mafundo ya kifundi, akaniletea. "Ukigeuka ubavu, Bibi, utajiona mwenyewe. Halafu mimi nitatazama. Halafu tulinganishe."

Siku niliyojigeuza peke yangu nikashika kile kioo, niliyaona makalio yangu kwa mara ya kwanza tangu ngazi. "Kumbe nanyi mmezeeka hivi!" nikayaambia. Lakini kidonda kilikuwa kimeanza kufumba, pembeni pana ngozi mpya nyororo.

"Wewe unaona nini?" nikamuuliza mjukuu wangu.

Aliinama, akachukua muda wake. "Kidonda kimepungua. Lakini kisigino cha kushoto kina wekundu kidogo, Bibi."

Nikapeleka kioo kwenye kisigino. Kweli, kilikuwa chekundu. "Asante, mke mwenzangu," nikasema. Aligeuka upande ili nisimwone uso.

Tulipomsimulia Mwalimu Pumzi yote, hata ile sauti ya mlangoni, akamkalisha Spidi kitako. "Mtu asiyehisi mwili wake anaishi kwa neno la mwenzake," akamwambia. "Ukiona kibaya, sema. Ukiwa hukutazama, sema hukutazama. Hiyo nayo ni habari, na inaweza kumwokoa mtu. Kinachoua ni kusema safi ukiwa mlangoni." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Bibi, kumpenda mtoto si kumwachia mzigo peke yake. Sauti uliisikia inatoka mbali, ukanyamaza. Kuanzia leo mkaguane. Huu mwili mnautunza wawili."

Nilikubali. Nani angekataa, nimelala kifudifudi?

Kidonda kilifunga, nesi akaniruhusu kukaa, lakini kwa sharti. Ninaposhona, kila nikimaliza upindo mmoja, niweke viganja kwenye mikono ya kiti, nivute pumzi, nijiinue makalio yaache mto, nihesabu taratibu, nishuke. Damu ipite. Mwalimu Pumzi alisema ndiyo yoga yangu ya kazini. Spidi akapewa kazi ya kuniuliza kila akirudi kutoka shuleni.

Juzi alirudi, akaweka mkoba chini, akasimama mbele ya cherehani. Nilikuwa na oda ya mapazia meusi ya ukumbi, na mteja alikuwa ananihimiza kama anakimbizwa.

"Bibi, leo umejiinua?"

"Kila upindo, mke mwenzangu. Mikono yenyewe imechoka hii."

"Kila upindo?"

"Mimi ni mtu mzima. Nikudanganye wewe, nipate nini?"

Spidi akapitisha kidole chake, polepole kabisa, juu ya mkono wa kiti changu, akakiinua nikione. Kidole kilikuwa chekundu.

"Asubuhi kabla sijaondoka nilipaka hapa chaki yako ya kuchorea vitambaa, ile nyekundu," akasema. "Kwenye kitambaa cheusi unatumia nyeupe, kwa hiyo leo hukuigusa. Nionyeshe viganja, Bibi."

Nikatazama dirishani. Nikatazama mkasi. Mwisho nikafungua viganja vyangu, sote wawili tukavitazama.

Havikuwa na hata chembe ya wekundu. Safi kabisa.